Tulitoka Mbwaa Usiku: Meru Ikumbuke Mwisho wa Utumwa, Lakini Maiki Apewe Nani?

Nikuulize swali simpo. Fungua kalenda ya Kenya kwa simu yako uhesabu sikukuu za kitaifa. Madaraka iko, 1 Juni. Mazingira, 10 Oktoba. Mashujaa, 20 Oktoba. Jamhuri, 12 Desemba. Sasa nitafutie siku ya kukumbuka mwisho wa utumwa. Angalia tena polepole. Haiko.

Kila 19 Juni mitandao hujaa picha za Wamarekani weusi wakichoma nyama na kucheza ngoma kwa Juneteenth. Sisi tunagonga laiki, tunaandika “nguvu zaidi”, tunaendelea na maisha. Na sisi wasee wa Meru tuko na stori yetu ya jamii nzima kutoroka utumwani, ya zamani kuliko hiyo ya Texas, na wengi wetu tunaijua nusunusu tu.

Hoja yangu ni hii. Meru inafaa iwe na mkutano wa kila mwaka wa kukumbuka Mbwaa. Lakini ukifanywa kama zile sherehe tumezoea, za hema, wanasiasa na supu, heri tulale tu kwa nyumba. Nitakuambia ni kwa nini, lakini kwanza tuelewane kuhusu stori yenyewe.

MBWAA ILIKUWA NINI

Kama shosh wako alikuwa mtu wa stori, hii unaijua. Kama ulilelewa na katuni za televisheni, nipe dakika mbili.

Wazee husema watu wetu waliishi kisiwani, mahali panaitwa Mbwaa. Wakaja watu waliovaa nguo nyekundu, Nguo Ntune, wakawatawala na kuwafanya watumwa. Halafu, kama bosi yeyote anayetafuta sababu ya kukumaliza, Nguo Ntune wakaanza kutoa mitihani ambayo haiwezekani.

Leteni kiatu chenye manyoya juu na chini. Wazee wakaenda wakakata ile ngozi inayoning'inia chini ya shingo ya fahali, yenye manyoya pande zote mbili. Wakapita. Leteni ndama anayekunya mavi meupe. Wakamfungia ndama, wakamshindilia maziwa mpaka rangi ikabadilika. Wakapita. Kuna tunda ndani ya shimo refu, litoeni bila kulidunga. Wakamwaga maji kwa shimo, tunda likaelea hadi juu lenyewe. Leteni mbwa mwenye pembe. Wakachukua pembe za digidigi wakazibandika kwa kichwa cha mbwa, kazi safi. Mpangilio hubadilika kulingana na mzee anayesimulia, lakini mtihani wa mwisho ni uleule: leteni mkuki mrefu, uanzie chini uguse mbingu.

Hapo wazee wakachanuka. Huu sasa si mtihani, hii ni hukumu ya kifo imevalishwa suti. Ukishindwa unauawa, na ukipita unaletewa mwingine kesho. Kwa hivyo hakuna mtu alianza kufua chuma. Walipanga kutoka.

Kiongozi wao, Koomenjoe, akawatoa usiku hadi kwa maji. Akapiga maji kwa fimbo yake, yakagawanyika, watu wakapita. Wengine walivuka kukiwa bado giza, hao wakaitwa Njiru, weusi. Wengine walivuka kukipambazuka, mbingu ikiwa nyekundu, wakawa Ntune. Wengine jua lilikuwa limetoka, wakawa Njeru, weupe. Hadi leo koo za Meru hujipanga hivyo. Mmeru akikuambia yeye ni Njiru, haongei juu ya rangi ya ngozi yake. Anakuambia babu zake walitoroka saa ngapi.

Hebu fikiria hiyo kidogo. Kuna jamii zimejenga sanamu ya kukumbuka uhuru wao. Wameru waliweka saa ya kutoroka ndani ya jina la ukoo, mtoto akazaliwa nayo.

NI UKWELI AMA NI STORI TU?

Najua kuna mtu tayari anaandika koment: “Hiyo si Musa na Bahari ya Shamu?” Swali ni fiti. Fimbo, maji, kutoka utumwani, hata wasomi wameona mfanano, na simulizi nyingi ziliandikwa kwa karatasi wakati wamishonari walikuwa washafika na Biblia zao.

Lakini kuna wanaoamini kuna tukio halisi chini ya hii stori. Jeffrey Fadiman, Mmarekani aliyekaa na wazee wa Meru akiwahoji na kuchapisha kitabu mwaka wa 1993, aliiweka Mbwaa kwenye kisiwa cha Manda, kule Lamu, na safari yenyewe akaiweka miaka ya 1700. Kati ya Manda na bara kuna mkondo mwembamba unaitwa Mkanda, na maji yakipwa hata mashua hupita kwa shida. Sasa weka watu hapo usiku, wakisubiri maji yashuke wavuke. Huhitaji muujiza mkubwa sana.

Na kabla hujaanza matusi: Nguo Ntune si jirani yako wa Lamu, na wala si dini ya mtu. Wamekufa kitambo. Mtu akitumia Mbwaa kukufunza kuchukia Mpwani, jua anakuuzia kitu kingine. Kilichobaki kwa hii stori ni mbinu walizotumia kufunga watu, na hizo hazijazeeka.

UHURU WA KUTANGAZIWA NA UHURU WA KUTOROKA

Ukiangalia siku ambazo dunia hukumbuka mwisho wa utumwa, utaona ziko aina mbili.

Ya kwanza ni siku ya kutangaziwa. Juneteenth ni hiyo. Rais Abraham Lincoln alitangaza uhuru wa watumwa wa majimbo yaliyoasi tarehe 1 Januari 1863. Watumwa wa Texas hawakuuona uhuru huo hadi 19 Juni 1865, wanajeshi walipofika Galveston na kusoma amri. Piga hesabu. Hiyo ni miaka miwili na nusu ya watu kufanya kazi ya bure ilhali kwa karatasi wako huru. Habari ilikuwepo, na mwenye shamba hakuwa na haraka ya kuipeleka.

Ya pili ni siku ya kujitoa. UNESCO ilichagua 23 Agosti kuwa siku ya kimataifa ya kukumbuka biashara ya utumwa na kukomeshwa kwake. Kwa nini hiyo? Kwa sababu usiku wa 22 kuingia 23 Agosti 1791, watumwa wa Saint-Domingue, nchi tunayoiita Haiti leo, waliinuka wakaanza vita vilivyoisha kwa taifa huru mwaka wa 1804. Hawakungojea mtu wa kuwasomea barua.

Mbwaa iko kwa hii timu ya pili. Hakuna gavana aliandika, hakuna malkia alisaini. Watu waliusoma mtihani vizuri, wakaona mtego, wakaondoka.

Na kuna kitu kingine cha kuiga Texas. Mwaka wa 1872, watu weusi wa Houston, wengi wao wakiwa wametoka utumwani juzijuzi, walichanga pesa wakanunua ekari 10 za ardhi ili wawe na mahali pao pa kufanyia Juneteenth. Watu waliokuwa mali ya mtu miaka saba tu iliyopita walifanya harambee wakanunua uwanja wao. Bado upo, unaitwa Emancipation Park. Waliona mapema kwamba ukisherehekea uhuru wako kwa uwanja wa mtu mwingine, siku moja atakuja kukuambia ufunge spika.

RABAI, 1 JANUARI 1889

Usifikirie mikutano kama hii ni ya Marekani tu. Kenya tulishakuwa na mmoja, na unauma ukiuangalia vizuri.

Mwaka wa 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alisaini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko. Kumiliki mtumwa kukaendelea kama kawaida. Miaka hiyo ya 1870 ndipo Freretown ikaanzishwa Mombasa kwa watumwa waliookolewa baharini. Ile kengele iliyopea stage ya Kengeleni jina lake ni yao. Ilikuwa ya kuonya watu kwamba wanyakuzi wanakuja.

Wakati huohuo watumwa wa mashamba walikuwa wanatoroka wenyewe. Waliitwa watoro. Wengi walikimbilia Rabai na misheni zingine za karibu, ikiwemo Ribe ya Wamethodisti, kanisa lilelile lililokuja kufungua misheni Kaaga, Meru, mwaka wa 1912. Wenye watumwa wakataka “mali yao” irudishwe. Mwishowe George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza iliyosimamia Pwani akaamua kulipa. Tarehe 1 Januari 1889 watu wakakusanyika Rabai, na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru.

Sasa shika hapo. Nani alilipwa? Mwenye mtumwa. Aliyefanya kazi ya bure maisha yake yote alipewa karatasi.

Hiyo haikuwa ajali, ilikuwa tabia. Uingereza ilipofuta utumwa kwenye makoloni yake kwa sheria ya 1833, ilitenga pauni milioni 20 kwa ajili ya wamiliki. Watumwa hawakupata hata shilingi. Mkopo uliochukuliwa kugharamia hayo malipo ulimalizwa kulipwa mwaka wa 2015. Kama ulikuwa sekondari 2015, Mwingereza wa kawaida bado alikuwa analipia watu waliouza watu. Na Haiti, waliojikomboa wenyewe, Ufaransa iliwatoza faranga milioni 150 mwaka wa 1825 ati kwa sababu wamiliki walipata hasara.

Hapa Kenya, sheria ya kufuta hadhi ya utumwa ukanda wa Pwani ilikuja 1907, na hata hiyo ilikuwa na fidia kwa wamiliki. Kwa hivyo mtu akikuambia “utumwa uliisha”, muulize maswali mawili tu: uliisha lini kwa aliyekuwa mtumwa, na nani aliondoka na pesa?

MKUKI WA MBINGUNI WA SIKU HIZI

Hapa ndipo Mbwaa inaacha kuwa stori ya zamani.

Iwe uko Makutano, Maua, Chuka ama Embu mjini, unajua angalau dem mmoja aliyeenda Gulf. Labda ni dada yako. Ejenti alimwambia kazi ni ya ndani, mshahara mzuri, tiketi bure. Akafika, pasipoti ikachukuliwa “kuhifadhiwa”. Nyumba moja ikageuka tatu, ya bosi, ya mamake bosi na ya dadake bosi. Masaa nane yakageuka kumi na nane. Akisema nataka kurudi, anaambiwa lipa kwanza gharama tulizotumia kukuleta. Atalipa na nini, na mshahara haujaingia miezi minne?

Umeona mkuki? Lipa deni, na mshahara nimeukalia mimi. Rudi kwenu, na pasipoti iko kwa droo yangu. Ni ule mtihani wa Nguo Ntune umepigwa muhuri wa ofisi.

Saudi Arabia ilibadilisha sheria za wafanyakazi wa kigeni mwaka wa 2021 ikarahisisha kubadilisha mwajiri, lakini wafanyakazi wa nyumbani wakaachwa nje ya mabadiliko hayo, na huko ndiko wengi wa wasichana wetu walikuwa. Mwaka wa 2025 gazeti la New York Times liliripoti kwamba Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walikufa Saudi Arabia ndani ya miaka mitano. Watu 274. Basi la kwenda Meru hubeba kama watu hamsini hivi. Hesabu mabasi.

Na mavijana wa kiume msijione mko salama. Mwaka huohuo wa 2025 kuna Wakenya walitolewa kwa kambi za utapeli wa mitandaoni huko Myanmar, baada ya kuahidiwa kazi safi Thailand. Wengine waliahidiwa kazi Urusi wakajipata kwa vita vya Ukraine. Mtego ni uleule, tangazo tu ndilo limebadilika.

Sisemi usiende. Kuna watu wameenda Gulf wakarudi wamejenga, wamesomesha ndugu zao, na doo wanayotuma inabeba familia nyingi hapa. Mtu aliyekaa nyumbani miaka mitatu bila kazi huwezi kumtisha na stori na usimpe njia nyingine. Ninachosema ni kwamba wazee wa Mbwaa walipita mitihani minne kwa sababu walikaa chini pamoja wakaisoma. Dada yako anasoma mkataba wa kurasa tisa peke yake, usiku kabla ya ndege, kwa lugha isiyo yake. Hapo ndipo tunawapoteza.

NGUO NTUNE ANAWEZA KUWA WEWE

Sasa ile sehemu haifurahishi. Ni rahisi kukasirikia bosi wa Riyadh. Haya, yule mboch wa kwenu?

Wasichana wengi wanaofanya kazi za nyumba Nairobi hutoka mashinani, na kwetu Meru, Tharaka na Embu tumetuma wengi. Analala kwa sakafu ya jikoni. Anaamka saa kumi alfajiri, analala wa mwisho. Mshahara unatumwa kwa mzazi wake, ama “unawekwa” mpaka Desemba. Simu yake inakaa na mathe wa nyumba. Kitambulisho pia. Akivunja sahani anakatwa. Niambie tofauti ya hiyo na stori ya Gulf, ukitoa nauli ya ndege.

Katiba ya 2010, kifungu cha 30, inasema hakuna mtu atashikiliwa utumwani wala kulazimishwa kufanya kazi. Kifungu cha 25 kinaongeza kwamba kutoshikiliwa utumwani ni kati ya haki ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa watu, ya 2010, inampa mhusika kifungo kisichopungua miaka 30 ama faini isiyopungua shilingi milioni 30, ama vyote viwili. Karatasi tuko nayo. Rabai pia walikuwa na karatasi.

MKUTANO UFANYWE HIVI

Kwa hivyo, siku ya Mbwaa. Mimi sikumaliza chuo na si mzee wa Njuri Ncheke, kwa hivyo chukua haya kama mapendekezo ya mse wa kawaida.

Tarehe iwe 23 Agosti. Dunia yote inakumbuka siku hiyo, na ni siku ya watu waliojitoa wenyewe, kama sisi.

Ufuate saa za kuvuka. Uanze kukiwa giza, saa ya Njiru. Hapo hakuna muziki. Familia zilizopoteza mtu ng'ambo zitaje jina lake, zisema tu alikuwa nani na aliondoka mwaka gani. Kukipambazuka, saa ya Ntune, wazee wasimulie Mbwaa yote kwa Kimeru, na vijana warekodi, kwa sababu hao wazee hawatakuwa hapa milele. Jua likitoka, saa ya Njeru, ifanywe kazi. Mawakili wasome mikataba ya watu bure. Maafisa wa leba waje na orodha ya ejenti waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kila mtu aangalie kama ejenti wake yuko. Anayeenda mwezi ujao aandike mahali namba ya ubalozi na namba ya mtu mmoja ambaye atamtafuta kila Jumapili.

Pesa itoke kwetu. Mia mia za watu, kama wale wa Houston. Mwanasiasa akigharamia hema, hotuba ni yake, na ukiangalia vizuri utakuta ejenti mmoja ama wawili wameketi naye mbele.

Na maiki? Njuri Ncheke ni baraza la wanaume wazee, na heshima yao iko, Nchiru ni kwao na baraka watatoa wao. Lakini wanaovuka maji siku hizi wengi ni wasichana wa miaka ishirini na kitu. Waliorudi wapewe maiki kwanza. Waseme bila kuchekwa na bila kuulizwa “si ulijitakia?” Hilo swali ndilo linawafanya wengi wanyamaze, na wakinyamaza, wa nyuma yao anaingia shimo lilelile.

Mtaniambia hakuna mtu atakuja mkutano wa saa kumi usiku wenye baridi ya Meru na bila nyama. Labda. Lakini babu zetu walivuka saa kama hizo, na hawakuwa wameahidiwa supu upande wa pili.

Usingoje 23 Agosti ndio uanze, lakini. Kama kuna mtu wenu yuko ng'ambo na hajapiga simu wiki mbili, mpigie leo. Kama kuna mkataba kwa meza unangoja sahihi, usomeni mkiwa wengi. Na kama kuna msichana kwa jikoni yenu ambaye mshahara wake “umewekwa”, mpe pesa yake kabla jua halijatua.